Milimita Kumi na Tano

Mwalimu Semkiwa kaja akichechemea,
baiskeli anaisukuma kama mgonjwa mwenzake.
"Goti," akasema, akaiegemeza ukutani
hapa barabara ya kumi na tatu, Ngamiani,
penye doa la grisi ambalo mama mwenye nyumba
kila Idi huniuliza nitalifuta lini.

Wiki tatu sasa ana krenki mpya.
Zile za zamani zilipinda mtaroni kule Kange,
usiku, hana taa, na pini ikakatika.
Dukani wakampa za baiskeli ya kike,
wakafunga, wakapokea hela, wakamwambia nenda.
Hakuna aliyeiuliza miguu.

Nikatoa rula ya mwanangu, imemeguka pembeni.
Za zamani (anazo bado kapuni, hatupi kitu),
toka katikati ya ekseli hadi tundu la pedali:
mia moja na sabini.
Hizi mpya: mia na hamsini na tano.

"Milimita kumi na tano," akasema. "Unene wa kidole."
Kweli, mwalimu. Lakini kidole hicho
unakikanyaga mara ngapi toka Makorora mpaka Pongwe?

Akanyamaza, midomo inacheza.
Ni mwalimu wa hesabu.

Nikaomba chaki mfukoni mwake, nikachora sakafuni
duara ndani ya duara, sahani na kisosi.
Zamani mguu ukishuka ulifika huku.
Sasa unaishia hapa, bado umekunjika,
goti halinyooki hata mara moja kwa siku,
kama mpangaji mrefu kwenye chumba cha dari fupi.
Duara limepungua, siti ipande.
Ipande kiasi kilekile. Ukizidisha
utakata kiuno njia nzima
na wanafunzi wako watakupigia vigelegele.

Nikashika spana.
Akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Hapo usiguse."

Kwenye bomba la siti, pale linapozama ndani ya fremu,
palikuwa na mkwaruzo wa msumari.
Aliuchora kaka yake, Hoza,
asubuhi aliyomwachia baiskeli akapanda lori la Mererani.
"Mimi na wewe urefu mmoja," alimwambia, "hapa ndipo petu."
Miaka kumi na moja siti haijatoka petu.
Hoza walimrudisha wenzake, wamemfunga kwenye turubai.

Watu wa Tanga husema waja leo, waondoka leo.
Goti likija
halijui msemo huo.

Sikumbembeleza. Nami nina bisibisi ya baba,
mpini umepasuka, nimeuvisha kipande cha tyubu,
na ole wake mtoto atakayeiazima.
Nikajifanya natafuta kitambaa.

Nilipogeuka nati alikwisha kuilegeza mwenyewe.
Tukaivuta siti pamoja, ikalia kutu,
nikapima kwa rula iliyomeguka, tukakaza.
Mkwaruzo ukapanda nayo,
ukakaa nje, peupe, kidole kimoja juu ya fremu.

"Nilidhani utafichika," akasema.
Ungefichika kama tungeshusha.

Haikuishia hapo. Pedali ikiwa mbele
nayo imemsogelea, basi siti irudi nyuma,
kidogo tu, maana bomba limelala,
likipanda huwa linarudi lenyewe.
Usukani nao ukaonekana umeinama kama mwenye deni,
nikauinua. Ndivyo baiskeli ilivyo,
ukigusa kimoja vingine vinaamka,
watoto wa kitanda kimoja.

Akazunguka mpaka barabara ya kumi na nne akarudi.
Akazunguka tena, bila kuombwa.
Alipofunga breki alikuwa anaangalia chini,
pale kwenye mkwaruzo, si kwenye goti.

"Bado nahisi nimepanda baiskeli ya mtu."

"Wiki moja itakuwa yako," nikasema.
"Lete elfu tatu."

Akanipa mbili na mia tano,
na chaki akasahau.