Gundi ya Unga

Tulikoroga gundi jikoni kwa mama Tweve:
unga wa ngano, maji, pilipili kidogo panya wasiile.
Saa kumi na moja, Makete bado imejifunika ukungu,
nikapanda Ndulamo na picha za Mwalimu Edina Sanga,
mgombea udiwani asiye na gari wala kanga za kugawa.

"Wamekupa ngapi?" wananiuliza toka kwenye matuta.
Nawatolea mfukoni kiazi cha kuchemsha,
cha kupashia vidole kwanza, ndipo kiliwe.
Wanacheka. Mmoja ananiongeza cha pili.

Mbuzi wa Mbilinyi hakujali pilipili.
Alimaliza mabango matatu, sera na yote.

Usiku wa kuhesabu, taa ya sola ikififia,
tukapungukiwa kura kumi na tisa.
Mwalimu akafunga koti: "Kesho nina kipindi cha kwanza."

Mama hajaniambia alimpigia nani.
Sijauliza.

Leo nabandua karatasi kwa kisu, ukuta hadi ukuta.
Kwenye mlango wa ghala la pareto imegoma,
gundi imeshika kuliko tulivyodhani.
Mvua inamfuta polepole, imeanzia kwenye jina.
Macho bado.