Ute wa Yai

Bahasha ya dukani hainifai tena.
Gundi yake ina adabu mno: ukiifukiza inakuachia,
ukiibana inasamehe, kana kwamba hakuna aliyepita.
Barua nne nimemwandikia Subilaga kule Chunya,
zote nne zimemfikia na mdomo uliojikunja kidogo,
kama wa mtoto aliyelamba sukari akajifuta.

Nikakaa jikoni, Tukuyu, mwezi wa nne,
mvua ya siku ya kumi na moja ikipiga bati,
na mkasi, na karatasi ya kaki
niliyoibandua tumboni mwa mfuko wa saruji.

Nta nilijaribu kwanza.
Kwa baridi yetu inapasuka yenyewe,
asubuhi kila barua ina hatia.
Uji wa muhogo unashika, ndiyo,
lakini mvuke ukiugusa unarudi kuwa uji.
Nikashona kwa uzi mwekundu.
Ila mshono hufumuliwa, ukashonwa upya palepale;
mimi ni fundi cherehani, ndiyo kazi inayonilisha.

Halafu yai likanivunjikia juu ya risiti ya mbolea.
Ute ukakauka. Nilipotaka kuibandua
nikaishikilia mdomoni mwa birika, na ute,
badala ya kulegea, ukaiva.
Ukang'ang'ania.
Karatasi ikaona heri ichanike.

Nikacheka peke yangu.
Miaka yote nakaanga mayai, sikuwahi kufikiri
kwamba kuna kufunga kunakongoja moto.

Chini ya ulimi wa bahasha nikachora mistari
kwa penseli ya zambarau, ile ya makarani wa zamani,
kavu ni kijivu tu, ikilowa inalia wino.
Nikaianika ya majaribio kwenye kamba ya nguo.
Jioni ilikuwa zambarau hadi kwenye stempu.
Mvua ya Tukuyu ni shahidi wa uongo,
hushtaki kila mtu.

Siku mbili nikawaza hilo tu, pindo za watu zikingoja.
Mvua huanzia mgongoni. Mkono huanzia mdomoni.
Basi nje nikasugua mshumaa,
maji yateleze kama juu ya jani la gimbi,
na ndani nikaacha mistari uchi, minane, niliyoihesabu.

Bahasha haizuii mtu. Sikuitengeneza izuie.
Niliitengeneza iseme.

Usiku ule nikaandika ya tano,
nikaifunga kwa ute, nikampa Andulile
aipeleke posta asubuhi, kama alivyopeleka zile nne.
Nilikuwa na majina yangu kichwani:
karani mwenye miwani, kondakta wa Chunya,
yule mama wa sanduku la posta tunalochangia.

Alfajiri nikagusa birika, bado sijawasha moto.
Lilikuwa vuguvugu.

Tulikunywa chai. Akanyoosha mkono kwenye kiazi
na kidole chake kilikuwa kama cha mpiga kura,
na mwaka huu hakuna uchaguzi.
Akakiona nilipokiona.
Akakificha chini ya meza, akakirudisha, akakilaza
kando ya kikombe, kama mtu anayelipa deni.

Sabuni haikitoi, nikamwambia.
Najua, akasema. Nimejaribu.

Mvua ikasema peke yake kwa muda.

Barua tano, Tusekile, akasema,
umemwandikia juu ya ng'ombe, bei ya kitambaa,
jino lako, jino la mtoto, paa la kanisa.
Nilikuwa natafuta jina langu.

Nikafungua kinywa.
Nikaipitia moja moja kichwani, mstari kwa mstari,
barua zangu safi, za siri, zilizofungwa vizuri,
na ni kweli.

Kwenye sahani kati yetu kulikuwa na viini viwili vya kukaanga.
Wiki tatu mfululizo nimempikia viini,
naye hajauliza hata mara moja
ute wake unakwenda wapi.