Mshono wa Nyoka

Chelagat alikuja na bobini moja tu,
uzi wa rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa jivu.
"Shosho, huu umepakwa fedha."
Nikautia mdomoni niuchonge ncha,
kama nifanyavyo nyuzi zote tangu mwaka wa themanini na mbili.
Akaruka: "Usiutie mate!"
Ulikuwa na ladha ya sarafu.

Kibanda changu kiko Kariobangi, nyuma ya wachomeleaji.
Kule cheche, huku sindano.
Nimeshona sare, mashela,
suti ya marehemu mmoja aliyekonda kuliko vipimo vyake.
Stima sijawahi kushona.

Yeye alikuwa amejaribu chuoni,
mshono mnyoofu kama reli.
Akaivaa fulana, akavuta pumzi moja,
uzi ukakatika kifuani, tap!
Nikacheka mpaka miwani ikateleza.
Mwanangu, kiuno kina kipimo,
pumzi haina.
Uzi wa kifuani huwekewa akiba
ya kwenda na ya kurudi.
Tupige mshono wa nyoka,
ule wa bukta za wacheza mpira.
Akatoa daftari. Akaandika: nyoka.

Saa kumi na moja stima zikapotea, mtaa mzima.
Wachomeleaji wakatukana, saluni ikanyamaza
na mteja nusu kichwa.
Cherehani yangu ni ya miguu, haina habari.
Nikakanyaga polepole, yeye akimulika kwa simu,
nikishona njia ya stima
bila stima.

Mita yake ina vijiti viwili, chekundu na cheusi.
Akagusa bega, akagusa ubavu. Ikalia.
"Omu kumi na mbili."
"Ni nyingi?"
"Ni chache, Shosho. Ndiyo raha yake."
Nikakaa kimya.
Maisha yangu yote, kichache hakijawahi kuwa raha.

Fulana ni ya Moraa, miaka sita, ploti ya pili,
ambaye kifua hufunga usiku moshi ukishuka.
Shingoni kuna kidude kama kifungo cha koti;
husikiliza uzi ukivutika, ukilegea,
na pumzi zikianza kukimbizana
humwamsha mamaye kwa simu.

Akaivaa. Akazunguka.
Kitaa kikapanda na kushuka naye.
Mamaye hakukitazama.
Alipindua pindo, akalisugua kwa vidole
kama anayenunua kanga,
akauliza:
"Na hii inafuliwaje?"

Chelagat akanitazama mimi.
Mimi nikaitazama bobini.

Tangu siku hiyo nafua kipande cha majaribio kila jioni.
Maji baridi, sabuni ya mche, sikamui.
Juzi omu kumi na tisa.
Jana ishirini na sita.
Leo ni mfuo wa kumi na nne;
kimeanikwa kati ya soksi za wajukuu,
kinadondosha.
Mita iko mezani.
Kwanza nichemshe chai.