Haina Ufunguo

Kabla hujatoa pesa, sikiliza: haina ufunguo.
Haina kiti cha nyuma, haina keria.
Ukitaka ya kumfikisha mkeo sokoni Wete
nenda kwa Shaame, anazo tatu, mojawapo ina redio.

Mlango wa hii ni mguu wako wa kulia.
Kanyaga kiki polepole, itafute bastola
mpaka uihisi imepanda, imekaza,
hapo ndipo uishindilie hadi chini, bila kuionea haya.
Ukiipa nusu, inakurudishia nusu yako.
Kijana mmoja wa Konde ilimrudishia Mfunguo Tano,
kisigino anakiburuta hadi leo
na bado ananiuliza inakwenda spidi ngapi.

Sijui. Haina saa ya spidi.
Ina mbavu nje na shingo ndefu,
ekzosi imetuna mbele
kama chatu aliyemeza mwanambuzi,
na tangi lina kovu, jiwe la Micheweni hilo,
siku niliyotaka kumpita Bausi pasipopitika.

Ndugu yangu Asaa aliileta toka Maskati,
imelazwa kontenani baina ya mafriji mawili.
Wapagazi wa Mkoani wakamuuliza: baiskeli ya nani hii?
Nyepesi, ndiyo. Naiinua shimoni peke yangu,
na mimi kiwiko changu kina vyuma viwili vya Mnazi Mmoja.

Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Hii haingoji siku ya tatu.
Ukiifunulia mafuta kidogo ni mpole, inaitikia salamu;
funua tena, kimya, unadhani imechoka,
kisha unywele mmoja tu zaidi
na jembe inakukabidhi wewe:
gurudumu la mbele liko juu, mabega umeyaacha nyuma,
bonde zima la Mtambwe linakujia usoni
na mizizi yake iliyolowa, telezi kama sabuni ya mche,
na udongo mwekundu unaoshika tairi kama mdai.
Hapo breki haikusaidii. Hapo unaongeza.
Ukishajua kwa nini unaongeza, ndipo uje tuzungumze bei.

Walikuja saba. Nikawarudisha saba.

Jumanne akaja Mize wa Kombo Hamadi,
suruali ya kazi chini ya buibui,
viganja vyeusi kwa karafuu mbichi.
Miaka sita anaitesa ile kuukuu ya mjomba wake
katika njia za mbuzi za Kangagani;
nyuma yake nimewahi kula matope, naijua ladha yake.
Hakuuliza spidi. Alifungua tangi, akanusa.
“Arubaini kwa moja?”
“Arubaini.”
“Mimi kwa matope ya vuli ningetia thelathini.”
Nikanyamaza. Nikaingia ndani, nikamtolea chupa
ya kunyonyea ya mwanangu kitindamimba,
yenye mistari, ndiyo kipimo changu cha oili
mwaka wa tisa huu.
Nusu ya bei sasa, nusu karafuu zikishapimwa.

Alipiga kiki moja.
Moshi wa buluu ukapita juu ya majamvi ya jirani,
Bi Time akaupunga kwa kanga, akaniapiza.
Sikutazama. Nilisikiliza.
Ya pili. Ya tatu. Kule kwenye mteremko wa mto
aliiachia mapema, kosa, nikauma meno,
ikazima.

Nikahesabu. Saba. Nane.
Mvua ilikuwa bado haijaamua.
Kumi na moja,

kisha kule chini, nyembamba, kali,
kama nyigu aliyetoka ndani ya debe.
Bi Time akasimama na reki yake mkononi.
“Hiki tena kinacholia ni nini?”
“Ya tatu,” nikamwambia. “Sasa anatia ya nne.”