Mizani ya Ushirika

Leo Mimuni amefunga mizigo juu ya nyumbu
saa nne asubuhi, jua likishuhudia.
Miaka kumi na mmoja kazi hii ilikuwa ya usiku,
na mbwa tukimfunga kitambaa mdomoni.

Miaka kumi na mmoja jina lake lilikaa jaladani kwa polisi,
naye akakaa stoo, nyuma ya magunia ya shayiri.
Kitambulisho kikaisha muda, nani athubutu kwenda kukibadili?
Mama yake alizikwa Alhosema. Mimuni alimzika kwa simu:
mimi nimeishika, yeye anaitikia amina gizani.
Hiyo nayo ni hesabu, bwana wa wizara.
Iandike.

Redioni wanasema ajira, wanasema kodi,
dawa za kifafa, wanunuzi kutoka Ulaya, hazina itanona.
Sikatai. Hazina na inone.
Nauliza tu, siku ya kuchinja
kisu kitakuwa mkononi mwa nani,
na sisi wa Rifu tutapewa nyama au kwato.

Maana mmea ni ule ule,
mlima ule ule wenye kipara, mawe yale yale
tuliyoyaokota hadi kucha zikang'oka.
Jana haramu, leo halali,
na sijamwona aliyeusomea bismillahi.

Nimekulia ndani ya mdundo wa majira ya baridi:
beseni, kitambaa cha hariri, fimbo mbili,
kila nyumba bondeni inachekecha vumbi la bangi,
vichanga wanalala kwa sauti hiyo.
Nilidhani ndivyo umaskini unavyolia.
Kumbe ni mtu mwingine, ng'ambo ya mlango wa bahari,
alikuwa anatajirika, na sisi tunampigia makofi.

Kisha yupo Aniri.
Alianza kuvuta ana miaka kumi na minne.
Sasa ana kumi na tisa, na kuta zinamsemesha.
Daktari wa Tetuani alisema huenda ni bangi,
huenda ni damu ya ukoo, huenda vyote viwili,
akatuandikia vidonge vya bei ya mbuzi.
Mimuni husema: ingeuzwa kwa leseni, mtoto asingeipata.
Dada yangu Yamna husema: isingepandwa, asingeiona.
Hugombana hadi chai inapoa.
Mimi najua hili moja:
muuzaji hakumuuliza umri.
Sheria nayo haikumuuliza;
kila ilipopiga hodi hapa
ilikuwa inamtafuta baba yake.

Ushirika unataka mbegu ya kigeni, ile yenye cheti.
Mbegu ya mama yangu hunywa mvua, ikikosa huvumilia.
Hii ya cheti hunywa kisima.
Haddu amechimba bwawa, amelitandika plastiki jeusi,
na chemchemi ya chini, tulikofulia tangu usichana,
mwaka huu ilikauka Julai.
Mkataba una kurasa tisa. Nilisomewa zote.
Chemchemi haimo.

Karani Ikramu akasoma mizani kwa sauti:
kilo mia na arobaini na mbili.
Malipo baada ya maabara, akasema,
miezi saba, pengine minane, Mungu akipenda.
Yule mlanguzi wa usiku alilipa taslimu, laana imfike,
akatupunja kwa kidole gumba juu ya mizani.
Hawa wanatupunja kwa kalenda.

Bado, sitasema uongo:
Mimuni alipoambiwa ataje jina lake lote
alinyamaza, akamtazama askari aliyeegemea mlango.
Askari akapiga mwayo.
Mimuni akalitaja, na la baba yake, na la babu yake,
akaongeza na la kijiji, ambalo hakuna aliyeliuliza.

Tukarudi kwa barabara kuu, taratibu, kama watu wenye viatu vipya.
Akasimama kwenye kibanda cha picha za kitambulisho,
akavua kilemba, akakaa mbele ya taa nyeupe.
"Fungua macho, mzee," mpiga picha akamwambia.
Akasema, "Nimeyafungua."