Maji Kwenye Ekzosi

Miaka thelathini na moja hapa Gerezani
nausoma moshi kama karani asomavyo risiti.
Mweusi: gari linakula kuliko linavyofanya kazi.
Wa bluu: linakunywa oili yake lenyewe, kwa siri.
Mweupe, na matone ya maji mdomoni mwa bomba,
hapo namtazama mwenye gari usoni
nampa pole kabla sijataja bei.
Gasketi imekwenda.

Elimu hii ada yake nimelipa kwa kifua.
Chausiku hulifua shati langu peke yake,
halichanganyi na ya watoto.

Jumanne akaja Bi Nasra Mlawa na gari la haibridi,
akalisimamisha mlangoni bila ngurumo.
Nikamuuliza, "Mmelisukuma kutoka wapi?"
Akacheka. "Linatembea, Fundi!"
Anasema foleni ya Tazara ikiganda,
malori yakiunguza dizeli ili yasimame tu,
lake hunyamaza.
Akikanyaga breki linaweka akiba ya umeme,
kama mama anayefunga chenji kwenye pindo la kanga.
Nikainama nyuma, mazoea hayana tiba,
nikapitisha kidole ndani ya bomba.
Kilitoka kijivu.
Si kisafi. Kijivu.
Lakini mimi navijua vidole vyangu.

Ndipo Athanas, kijana wangu wa spana,
akaniletea simu: tazama, Fundi, la haidrojeni,
halichomi kitu,
gesi inakutana na hewa, umeme unazaliwa,
na huko nyuma linatoa maji.
"Maji?"
"Maji matupu."
Nilicheka hadi spana ikaniponyoka.
Maji kwenye ekzosi! Mwanangu,
hilo limeshakufa, mwambieni mwenyewe azike.

Usiku usingizi ukanigomea.
Haidrojeni hiyo itapikwa kwa nini?
Ikipikwa kwa moto wa gesi, basi moshi umehamia jikoni,
sebule ndiyo inayosifiwa usafi.
Na betri zikichoka tutazitupa wapi, Msimbazi?
Chausiku akasema, "Lala. Hujaletewa hata moja."

Asubuhi, mataa ya Faya.
Mbele yangu lori limekohoa wingu zima
na mtoto wa shule amevuta kola ya sweta mpaka puani,
kwa ustadi,
kama mtu aliyefundishwa hivyo tangu chekechea.
Hoja zangu zote zikakaa chini.

Nikayawaza mabomba yale,
barabara ya Morogoro yote hadi Kimara,
yakidondosha, tone, tone,
lami ikilowa kidogo katikati ya joto la Januari,
na mimi nimechuchumaa nyuma ya gari la mtu
nimekinga kiganja, kimejaa,
nainua macho nimtazame usoni,
natafuta neno,
na pole haifai.