Waliofunga

Mimi sioni. Nawajua watu kwa viatu.
Miaka kumi na tisa nauza kahawa
ukumbini, jengo la serikali, Toledo, Ohio,
baina ya lifti kongwe na mlango unaozunguka,
na kila asubuhi sakafu hunisomea majina:
ko-ko, ko-ko, Marguerite wa dirisha la tatu,
visigino vyembamba, sukari mbili;
mburuzo wa Theo wa kodi, goti la kushoto;
na Odell mlinzi, ambaye huwa hatembei,
funguo tu zinamtangulia kama njuga.

Jumatano ile sakafu haikusoma kitu.

Nilikwishachemsha birika nne.
Saa mbili ikapita. Saa tatu.
Lifti ikapanda tupu, ikashuka tupu,
labda kwa mazoea.
Odell akaja. "Denny, wamefunga serikali.
Bunge halikuelewana juu ya bajeti."
"Na wewe je?"
"Mimi ni muhimu. Ukiwa muhimu
unafanya kazi, mshahara baadaye."
Akacheka. Funguo hazikucheka.

Basi serikali imefunga.
Lakini aliyefunga hasa,
aliyeshinda na chai kavu
akihesabu siku bila mwezi kuandama,
ni nani?

Siku ya nane mlango ulizunguka.
Mabuti ya mpira, theluji ikidondoka, pumzi fupi:
mzee Gentry, fundi bomba mstaafu.
Anataka barua moja, ya kuthibitisha pensheni;
mwenye nyumba anaidai kabla ya Ijumaa.
"Pesa zako zitaingia benki," Odell akamwambia.
"Wa kuandika barua ndiye hayupo."
"Barua yenyewe ni mstari mmoja."
"Ndiyo. Mstari mmoja."
Nikammiminia kahawa. Nikasikia sarafu mfukoni
zikihesabiwa moja moja, kisha zikanyamaza.
Nikamwambia leo ni bure, nimezaliwa leo.
Nimezaliwa Agosti.

Siku ya kumi na saba zilikuja raba,
sikuzijua mpaka zilipokohoa.
Marguerite. Alikuwa ametoka kanisani,
si kusali: foleni ya chakula, ghorofa ya chini,
viazi, maharage ya kopo, siagi ya karanga.
Akasema mbele yake alisimama mwanamume
ambaye mwaka jana alimkatalia fomu,
yeye mwenyewe, kwa mhuri wake mwenyewe.
Yule bwana akamtazama, akamkumbuka,
akampisha.
"Afadhali angenitukana," akasema,
akaomba kahawa isiyo na sukari.

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi nilimwaga maziwa, galoni sita,
siku ya ishirini na moja, katika sinki la wafagiaji,
nao wafagiaji wenyewe hawakuwepo,
ni wa kampuni, na kampuni iliwaambia wangoje simu.
Yalishuka polepole. Yalikuwa yameganda.
Kwa mara ya kwanza nikajua ukubwa wa ukumbi ule:
nilikohoa, kikohozi kikaenda, kikakawia kurudi.

Wakafungua Jumatatu, siku ya thelathini na nne.
Ko-ko, ko-ko. Sukari mbili.
Akaniambia wamelipwa malimbikizo yote, hadi senti.
Nikafurahi, kweli nilifurahi,
nikampa chenji yake.
Kahawa isiyonywewa haina malimbikizo.
Wafagiaji walirudi watatu kati ya watano,
nao hawakulipwa hata siku moja.
Mburuzo wa Theo haukurudi. Nasikia yuko ghalani,
anapakia maboksi usiku, kwa goti lile lile.

Sasa sakafu inasoma tena majina,
inaruka mawili matatu, inaendelea.
Na kila mlango unapozunguka taratibu
naacha kumimina,
nasikiliza kama ni mpira.